Ganda na moyo: mwongozo kamili wa mafunjo, kutoka kinamasini hadi kirago

Mtu akihama na vyake vyote tunasema amefunga virago. Kirago ni mkeka mzito wa kulalia, wa ukangaga au mafunjo, ambao msafiri wa zamani aliuvingirisha alfajiri, akaufunga kamba na kuubeba begani mpaka kituo cha jioni. Msemo huu tunautumia kila siku, ila wengi wetu hatujawahi kuona kirago kikishonwa, na wanaojua kukishona wanazeeka. Hilo linaniuma, ndiyo maana nimeandika kwa kirefu.

Nitaanza na mmea kabla ya panga. Virago vingi vibovu nilivyoviona viliharibika kwa sababu mshonaji hakujua bua la mafunjo limeundwaje. Kwa nje kuna ganda la kijani, gumu, lenye nyuzi ndefu. Kwa ndani kuna moyo mweupe, laini, uliojaa vitundu vya hewa. Ganda lina nguvu ya kuvutwa. Moyo unaelea, unanyonya na unabonyea. Kila kitu ambacho binadamu amekitengeneza kwa mafunjo kimetegemea ganda, au moyo, au vyote viwili pamoja. Shika hilo akilini na hatua zote zilizo hapa chini zitakuwa nyepesi.

## Kwanza hakikisha ni mafunjo

Kando ya ziwa kila kitu kirefu chenye kijani huitwa manyasi, na hapo ndipo watu wanapopotea. Kuna waliokata matete siku nzima wakidhani ni mafunjo, wakaishia na mkeka unaochoma mgongo na kuvunjika ukikunjwa.

Kata bua moja, lishike kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha lizungushe taratibu. Likikwama mara tatu katika mzunguko mmoja, yaani ukihisi pembe tatu hata kama ni butu, uko kwenye familia ya Cyperaceae. Humo ndimo yalimo mafunjo, ukangaga na hata ile ndago inayowasumbua wakulima mashambani. Likizunguka bila kukwama, na lina vifundo kama vya muwa na uwazi katikati, hayo ni matete, ndugu wa mwanzi na muwa. Likizunguka bila kukwama, halina kifundo hata kimoja, na ni jembamba kama sindano ya kufumia, huenda umeshika mmea wa jenasi ya Juncus, ambao huku kwetu huota zaidi kwenye maeneo yenye majimaji ya nyanda za juu zenye baridi. Na ule mmea wenye majani marefu bapa na kichwa cha kahawia kama soseji ni Typha. Nao hufaa kwa mikeka, lakini kinachotumika ni majani.

Kipimo cha kidole kina mwanya mmoja. Baadhi ya ndugu wa mafunjo wana bua la duara, kwa hiyo ukiwa na shaka tazama mbegu. Juncus ina viua vidogo vyenye vipande sita, mfano wa yungiyungi lililopunguzwa hadi ukubwa wa punje ya mtama, na kila kiua hutoa kitumba chenye mbegu nyingi kama vumbi. Upande wa mafunjo kila kiua hukaa chini ya gamba lake na hutoa kokwa moja tu.

Mafunjo yenyewe, Cyperus papyrus kwa jina la kitaalamu, ukishayazoea huyakosei. Hufika mita 4 hadi 5, bua halina jani mpaka juu, na kileleni kuna kishada cha nyuzi nyembamba za kijani kama nywele zilizotimka. Waluo huyaita togo. Waganda husema ekitoogo. Rwanda na Burundi ni urufunzo, na ukitamka funzo na funjo kwa kufuatanisha utasikia undugu wake na neno letu bila kufundishwa na mtu.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui. Majani ya mafunjo yamebaki kuwa magamba ya kahawia chini kabisa, kwenye kitako cha bua. Kazi ya kupika chakula cha mmea hufanywa na ngozi ya kijani ya bua pamoja na kile kishada cha juu. Mmea huu hunasa hewa ya kaboni kwa njia ileile ya mahindi na muwa, na ndiyo sababu unakua kwa kasi ya ajabu penye jua na maji. Lakini maana yake kwa mkataji ni nzito: ukikata bua hujapunguza tawi, umeuondolea mmea mdomo. Kinachobaki kuuokoa ni akiba iliyo katika shina nene linalotambaa chini, ndani ya matope au likielea juu ya maji.

Hilo shina la chini ndilo linalojenga kinamasi. Hujisuka na mizizi yake mpaka linakuwa zulia zito, na zulia hilo huweza kuachana na ukingo na kuelea kama kisiwa. Kinamasi kikubwa cha Sudani Kusini, Sudd, kilipata jina kutokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kizuizi, kwa kuwa visiwa vya mimea viliziba Mto Nile na kuwashinda wasafiri kupita.

## Kuvuna bila kuua kinamasi

Kabla ya kuingia, uliza. Karibu kila kinamasi kina wenyewe au kamati inayokisimamia. Upande wa Kenya zungumza na kikundi cha usimamizi wa ufuo. Tanzania anza na serikali ya kijiji, ukikumbuka kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa dhidi ya shughuli za kudumu na zinazoharibu. Kuna mahali kukata hakuruhusiwi kabisa, na sababu zake ni za msingi. Kinamasi cha Rugezi huko Rwanda kilipoharibiwa, maji yanayolisha mitambo ya umeme ya Ntaruka yalipungua, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 nchi ikaingia kwenye mgao mkali wa umeme. Viko pia viumbe visivyo na kwao kwingine. Ndege mwekundu kifuani aitwaye Laniarius mufumbiri hukaa ndani ya mafunjo tu, na wapenda ndege husafiri hadi Dunga karibu na Kisumu kumtafuta. Nzohe, yule swala mwenye kwato ndefu za kukanyagia matope, hujificha humohumo.

Nenda msimu wa jua, ambao kwa Ziwa Viktoria ni Juni hadi Agosti, maana kazi ya kukausha ndiyo nusu ya kirago. Ingia asubuhi na mapema. Vijidudu vya kichocho hutoka kwenye konokono kwa wingi jua linapokuwa kali, kwa hiyo anayekata saa sita mchana akiwa peku anajitafutia maradhi. Vaa buti za mpira zinazofika magotini, usiende peke yako, na beba fimbo ndefu ya kupimia mbele kabla ya kukanyaga: zulia la mafunjo huweza kuonekana gumu kumbe chini ni maji matupu. Penye viboko na mamba, anayejua njia ni mvuvi wa hapo. Mfuate yeye.

Sasa chagua mabua. Unalolitaka ni bua lililokomaa, kijani iliyoiva, kishada kimefunguka chote lakini ncha zake hazijaanza kuwa kahawia. Bua changa, ambalo kishada chake bado kimefumba kama brashi, lina maji mengi na likikauka hunyauka na kuwa kamba. Bua zee huwa na madoa, ganda lake hupasuka ukilikunja, na mara nyingi moyo umeshaanza kuoza. Unene mzuri kwa kirago ni wa kidole gumba cha mtu mzima, sentimita 2 hadi 2.5 hivi sehemu ya katikati. Yale manene zaidi yawekee kando kwa ajili ya karatasi.

Kata kwa mundu au panga lenye makali ya kweli, pigo moja la mshazari, juu kidogo ya usawa wa maji. Panga butu husaga ganda na ufa hupanda juu karibu mita nzima. Using'oe. Usifyeke eneo lote. Pita ukichagua, acha machanga yote na yaliyokomaa mengine yabaki yamesimama kila hatua unayopiga. Pale ulipokata leo usirudi kabla ya mwaka kwisha. Mafunjo huchipua haraka na jicho linaweza kukudanganya baada ya miezi minne kwamba yamerudi, lakini akiba ya chini bado haijarudi, na ukikata tena mara mbili tatu mfululizo mabua yatatoka membamba, kisha magugu mengine yatachukua nafasi.

Kwa kirago kimoja cha mtu mmoja, urefu wa mita 2 na upana wa mita 1, kata mabua 60. Yatakayotumika ni kama 50, mengine ni ya kufidia yatakayopasuka. Ongeza 10 ya kuchunia kamba.

## Kukausha: hapa ndipo haraka inapoharibu

Kata kichwa na kitako, ubaki na kipande cha katikati chenye mita 2 na kiganja kimoja. Vichwa usitupe, hufagilia, na mbuzi huvila vikiwa vibichi.

Tandaza mabua juu ya fito zilizoinuliwa kutoka ardhini, yasigusane. Siku ya kwanza na ya pili yaanike juani. Kuanzia siku ya tatu yahamishie penye kivuli chenye upepo, au yafunike kwa nyasi nyepesi saa za jua kali, na uyageuze asubuhi na jioni. Jua likiyapiga moja kwa moja mpaka mwisho, ganda hukauka kabla ya moyo, linabana, linapasuka. Usiku yaingize ndani, umande ni adui.

Kirago changu cha kwanza nilikishona siku ya nne. Nje mabua yalikuwa ya rangi ya dhahabu na yanalia kama karatasi, nikaridhika. Wiki tatu baadaye vidoa vyeusi vilianza kutokea kwa ndani, kisha harufu, na mwezi haukuisha kikawa hakilaliki. Moyo ulikuwa bado na maji. Tangu hapo nina njia moja ya kupima: chukua bua nene kuliko yote, likate katikati, ubonyeze moyo kwa ukucha kisha uguse kwa ulimi. Ukihisi ubaridi wowote, yarudishe kwenye kivuli chenye upepo. Kwa kawaida inachukua siku 7 hadi 10. Bua lililokauka sawasawa ni jepesi mpaka linashangaza, na likigongwa na mwenzake hutoa sauti kavu ya juu.

## Kamba ya kushonea

Unaweza kutumia katani, na siku hizi wengi hutumia nailoni. Lakini kamba ya mafunjo yenyewe inashika vizuri zaidi, kwa kuwa hukauka na kulowana sambamba na mkeka.

Chukua bua bichi. Ingiza ncha ya kisu chini ya ganda kwenye moja ya zile pembe tatu, achanisha, kisha vuta kwa mkono kuelekea chini. Kila bua hukupa mikanda mitatu mirefu, mmoja kwa kila upande. Kwangua moyo uliong'ang'ania kwa mgongo wa kisu, maana ukiubakiza kamba itaoza kutoka ndani. Chana kila mkanda uwe na upana wa nusu sentimita, anika nusu siku, usikauke kabisa.

Kusokota ni hivi: shika mikanda miwili, fundo mwisho, funga kwenye kidole cha mguu au msumari. Kila mkanda usokote peke yake kuelekea kulia kwa kuuvingirisha juu ya paja, halafu ipishanishe miwili hiyo kuelekea kushoto. Kila mmoja unataka kufumuka upande wake, na kule kuzuiana ndiko kunakoshikilia kamba. Mkanda ukikaribia kwisha ongeza mwingine kabla haujaisha, lakini usiongeze yote miwili mahali pamoja, hapo patakatika. Unahitaji kamba nyembamba mita 25 kwa kirago kimoja, pamoja na ya pindo.

## Kushona kirago, hatua kwa hatua

Jioni ya kabla ya kushona, nyunyizia mabua maji kidogo kwa mkono kisha yafunike kwa gunia lenye unyevu. Asubuhi ganda litakuwa limelainika, halipasuki likichomwa. Yasilowe chepechepe.

Zana ni shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia. Ukikosa, chukua spoki ya baiskeli, uipige nyundo ncha moja iwe bapa na utoboe tundu, ncha nyingine uinoe juu ya jiwe. Pia tafuta ufito ulionyooka wa mita 2, uchore alama kila baada ya sentimita 15. Huo ndio mwongozo wako wa matundu, na ndio unaotofautisha kirago kilichonyooka na kilichopinda.

Panga mabua sakafuni yakilala upande kwa upande. Kuna mambo mawili ya kupishanisha, na hapa naomba usome polepole. La kwanza, kitako na ncha: bua la kwanza kitako kielekee kwako, la pili ncha ielekee kwako, la tatu kitako, hivyohivyo mpaka mwisho. Bua ni nene chini kuliko juu, na ukiyapanga yote upande mmoja kirago kitafunguka kama pepeo. La pili, pembe: bua moja lilaze pembe ikitazama juu, linalofuata pembe ikitazama chini. Mabua ya pembe tatu yakipangwa hivyo huingiliana kama meno, na uso wa mkeka unakuwa tambarare juu na chini. Pitisha kiganja juu yake. Ukihisi mgongo wa bua, ligeuze.

Weka ufito juu, tia alama za makaa kwenye kila bua. Anza kushona kwenye mstari wa katikati, usianzie ukingoni, ili kosa dogo ligawanyike pande mbili. Chomeka shazia ubavuni mwa bua la kwanza, ipite ndani ya moyo na itokee ubavu wa pili, iingie bua linalofuata. Chukua mabua sita au saba kwa mchomo mmoja, kisha vuta kamba taratibu mpaka yagusane bila kubanana. Ukivuta kwa nguvu ganda litabonyea na mkeka utajikunja kama mgongo wa samaki.

Kamba sasa iko ndani ya moyo, haionekani, na ganda linaikinga na miguu ya watu. Ukipita mstari wa kwanza mpaka bua la 50, funga fundo la mara mbili kuzunguka bua la mwisho, usikate kamba kwa kubana sana; acha kiganja kizima. Endelea na mstari unaofuata upande wa kulia, halafu wa kushoto, mpaka uwe na mistari 13. Mtu aliyezoea humaliza kwa siku moja. Wewe jipe tatu.

Pindo hufanywa mwishoni. Kwenye ncha mbili za mabua, kata yote yawe sawa, halafu chukua mikanda miwili ya ganda iliyolowekwa, mmoja juu na mmoja chini, na uishone pamoja ikibana ncha zote katikati. Bila pindo, moyo hubaki wazi kila mwisho wa bua, hunyonya unyevu wa sakafu na wadudu hupata mlango.

Ukitaka dari au ukuta wa kugawia chumba, mpango unabadilika. Pasua kila bua katikati lingali bichi, likauke likiwa bapa, ulishone ganda likitazama nje. Hapo huhitaji ulaini wa moyo, unahitaji wepesi na ganda la kukinga vumbi.

Kirago kitunze kwa kukivingirisha. Ukikikunja kati mabua huvunjika ganda. Kitoe nje kwenye jua la asubuhi mara moja kwa wiki na ukipige kwa fimbo upande wa nyuma. Kikimwagikiwa na maji, kifute na ukisimamishe wima penye upepo siku hiyohiyo. Kikichakaa kabisa kifumue, ukitandaze chini ya migomba.

## Kazi za moyo: karatasi

Wamisri wa kale walichukua moyo wa mmea huu wakatengeneza karatasi, na hati za mafunjo za zamani kuliko zote zenye maandishi zilizopatikana zina umri wa miaka kama 4,500. Zilichimbuliwa 2013 huko Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, na ndani yake mna kumbukumbu za siku za ofisa aitwaye Merer aliyesafirisha mawe ya piramidi la Khufu. Ufundi huo ulipotea kabisa, ukafufuliwa miaka ya 1960 na mhandisi wa Misri, Hassan Ragab. Wewe unaweza kuujaribu jikoni.

Chukua kipande cha chini cha bua bichi nene, urefu wa sentimita 30. Menya ganda lote. Moyo ukate vipande vyembamba kwa urefu, unene wa kadi, kwa wembe au uzi uliokazwa. Viloweke kwenye maji siku tatu hadi sita, ukibadilisha maji kila siku, mpaka viwe laini na vyenye kuona ng'ambo. Pitisha chupa juu ya kila kimoja kama unavyosukuma chapati, kutoa maji na hewa. Tandaza kitambaa juu ya ubao, panga vipande kwa wima, kila kimoja kikipanda kidogo juu ya mwenzake, kisha safu ya pili juu yake kwa ulalo. Funika kitambaa kingine, weka ubao na mawe mazito. Badilisha vitambaa kila siku mpaka karatasi ikauke, kama siku nne au tano. Hakuna gundi. Utomvu wa moyo na kule kubanwa kwa safu mbili vinatosha. Mwisho sugua kwa simbi au kwa mgongo wa kijiko mpaka ing'ae, wino usisambae.

Bua zima, ganda na moyo pamoja, ni habari ya vyombo vya majini. Katika Ziwa Tana, Ethiopia, wavuvi hufunga mafungu ya mafunjo wakapata mashua iitwayo tankwa. Mwaka 1970 Thor Heyerdahl wa Norwe alivuka Atlantiki kwa chombo cha mafunjo, Ra II, kutoka Safi nchini Moroko hadi Barbados, siku 57. Moyo ulikielesha, ganda lilikishika.

## Ndugu wa mbali: Juncus

Sheria ya ganda na moyo inafanya kazi hata kwa Juncus, ile ya bua la duara. Kusini mwa Afrika, kwenye vinamasi vya chumvi vya KwaZulu-Natal, huota Juncus kraussii ambayo Wazulu huiita incema. Kila mwaka ifikapo Mei wanawake huruhusiwa kuingia eneo la hifadhi ya iSimangaliso kuikata, na mikeka yake huwa sehemu ya vyombo vya bibi harusi. Japani hulima ndugu yake kama mpunga, hasa mkoa wa Kumamoto: hupandwa mwishoni mwa mwaka, huvunwa Juni na Julai, na mara tu baada ya kukatwa huchovywa kwenye tope maalumu ili rangi na harufu vidumu. Huwa uso wa mikeka ya sakafuni, tatami. Hapo kinachotegemewa ni nguvu ya ganda.

Moyo wake ulikuwa taa ya maskini wa Uingereza. Kasisi Gilbert White wa kijiji cha Selborne alipima mwaka 1775: utambi wa moyo wa Juncus wenye urefu wa sentimita 72 hivi, uliochovywa mafuta, uliwaka dakika 57. Ukiishi Ulaya utaikuta Juncus effusus kwenye kila uwanja wenye maji, na huku kwetu unaweza kuipata nyanda za juu.

Kata mabua marefu yaliyokomaa mwishoni mwa kiangazi cha huko, yaloweke maji usiku mmoja ili ganda lisishikamane na moyo. Menya ganda lote isipokuwa ukanda mmoja mwembamba kutoka chini hadi juu. Huo ndio uti wa mgongo, bila huo moyo hukatika mkononi. Yaanike siku mbili. Yeyusha mafuta ya mnyama kwenye sufuria refu, yasichemke, uvute kila utambi ndani yake polepole ili vitundu vya hewa vijae mafuta badala ya hewa. Ulaze juu ya ganda la mti ukauke.

Ukiuwasha, ubane kwa koleo dogo la chuma ukiwa umeinama, nusu ya wima na ulalo. Ukisimama wima huwaka taratibu kwa mwanga hafifu. Ukilala sana huwaka kwa kasi na kudondosha mafuta. Uusogeze mbele kila moto unapokaribia koleo, na weka sahani ya maji chini yake.